Jina Nililolikwangua kwenye Ramani

Ndugu zangu wa ofisini, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Mlitaka habari za zana, za walimu wangu na za safari, na Neema akaongeza kwa utani kwamba nieleze tuliishi vipi bila kitufe cha kufuta. Tulikuwa nacho, Neema. Kilikuwa wembe wa kunyolea, na nitakuja kuueleza, ingawa ningependa sana nisiueleze.

Vyeo nitaviruka. Nilipanda kama wengi walivyopanda, kwa kukaa muda mrefu na kutokufa.

Nilifika Tabora mjini kutoka Sikonge juu ya lori la tumbaku, nikiwa na sanduku la bati, cheti cha shule na viatu vya dada yangu vilivyonizidi. Uhuru ulikuwa bado unanukia upya na kijana yeyote aliyejua kugawanya kwa tarakimu tatu alitafutwa. Nilipangiwa chumba cha takwimu na ramani. Ndani alikuwepo mzee mmoja wa mtaa wa Isevya, kofia nyeupe, koti la kaki, penseli moja kwenye kila sikio. Huyo ndiye Mzee Maulidi, mchora ramani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia nikanawe mikono. Nilidhani ni desturi ya waungwana wa mjini. Kumbe alikuwa ameona njiani nimekula karanga, na karatasi ya ramani haisamehe mafuta.

Zana zetu zilikuwa chache. Kwanza karatasi pana la mistari, refu kama meza, ambalo Mzee Maulidi aliliita shuka. Kushoto tuliandika majina ya vijiji, mstari kwa mstari, na juu tuliandika safu: kaya, vyanzo vya maji, ndoo kwa siku, dakika za kwenda na kurudi. Hilo ndilo lahajedwali lenu, isipokuwa letu lilikunjwa mara nne na kubebwa kwapani. Pili ilikuwepo mashine ya kukokotoa, ya chuma, yenye mpini. Unazungusha mbele kuzidisha, unazungusha nyuma kugawanya, na ukipitiliza kengele inalia chumba kizima kijue umekosea.

Kanuni ziliandikwa kwa penseli juu ya safu: safu ya nne igawe kwa safu ya pili, jibu weka ya sita. Ninyi mnaandika alama ya sawasawa, mnavuta chini kwa kidole na safu nzima inajaa. Mimi niliijaza kwa bega. Siku za mwisho wa robo mwaka nilikuwa nalala upande wa kushoto.

Baada ya shuka ilikuja ramani. Mzee Maulidi alinifundisha kupaka rangi ya penseli kwa kuelekea upande mmoja tu, kisha kuisugua na pamba mpaka isionekane mstari. Alinifundisha kuandika majina kwa wino, na alinifundisha wembe. Ukikosea wino, unalaza wembe karibu ubapa, unakwangua taratibu kama anayepara ukoko wa sufuria mpya, kisha unang'arisha pale kwa ukucha mpaka karatasi iwe laini tena. Na usiandike tena juu yake kama unaweza kuepuka, alisema, kwa sababu karatasi iliyokwanguliwa inakunywa wino na kuutawanya.

Lakini fundisho lake kubwa halikuhusu karatasi. Alisema mtu wa kwetu ukimuuliza habari atakujibu nzuri hata kama paa linaungua, kwa hiyo usiandike nzuri ya kwanza wala ya pili. Kaa, ongea habari za mvua, subiri. Na ukiuliza maji yako wapi ukaambiwa hapo tu, vaa viatu. "Hapo tu" ya mtu wa Unyamwezi inaweza kukuchosha kutwa. Ilikuwa sheria ya chumba chetu: aliyejaza fomu ya maji lazima awe ametembea na kinamama mpaka kwenye chanzo, saa mkononi, na kurudi nao wakiwa wamejitwisha, maana kwenda na ndoo tupu na kurudi nayo imejaa ni safari mbili tofauti.

Babu yake Mzee Maulidi alikuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba mizigo kwa bega kutoka hapa Tabora hadi pwani. Mzee alisema babu yake hakuwahi kuhesabu maili. Akiulizwa mji fulani uko mbali kiasi gani, alijibu maji matatu, au maji matano, yaani mara ngapi utakuta pa kunywa njiani. Mzee Maulidi alikuwa amechora njia hiyo ya babu yake kwa penseli nyembamba kwenye ramani yake ya msingi, na kila mahali pa maji aliweka nukta. Upande wa mashariki, kwenye pori ambalo watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali, nukta ziliachana sana. Niliona ni mapenzi ya mzee kwa babu yake, nikatabasamu kwa adabu.

Ikaja miaka ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Ofisi yetu iliagizwa itoe ramani ya kuonyesha ni vijiji gani vina maji ya kutosha kupokea watu wengine. Buluu, kipokee. Njano, kisubiri. Nyekundu, kisiguswe. Muda ulikuwa mfupi, tukagawana maeneo, nami nikapewa mashariki. Nilikuwa na miaka kadhaa kazini na nilijiona nimeiva.

Kijiji ninachotaka kukieleza sitakitaja jina. Kilikuwa ukingoni mwa Mgunda Mkali, na nilikifikia kwa baiskeli mwisho wa kiangazi, jua likiwa limesimama wima, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyekiti alinipokea vizuri sana. Nikamuuliza habari za maji, akasema maji yapo. Yako wapi? Hapo tu. Kisha mama yake, Mama Kabula, mwanamke mrefu mwenye shingo iliyonyooka, akanishika mkono na kusema mgeni aoge kwanza.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua wa mabua ya mtama, na ndani ndoo mbili zimejaa, moja ya maji moto, na kipande cha sabuni juu ya jani. Ndoo mbili. Nilioga nikaosha na nywele. Nikafua kitambaa changu cha kichwa. Yaliyobaki nikayamwaga miguuni, kwa raha tu, nikiangalia vumbi likitoka kwenye vidole. Nilipotoka, Mama Kabula alikuwa anatazama maji yakipita chini ya mabua na kuku wakiyakimbilia. Akaniuliza kama yamenitosha. Nikamjibu yamenitosha, mama, nashukuru, mmebarikiwa maji mazuri. Akacheka kidogo, akasema wanashukuru.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtu wa mjini angeweza kusamehewa. Mimi si mtu wa mjini. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kila mwinjilisti alipotutembelea Sikonge, mimi ndiye niliyetumwa kisimani mara mbili ili aoge vizuri. Mama yangu aliufunika mtungi wetu mtupu kwa ungo ili mgeni asijue kwamba kesho yake hatuna hata ya uji. Nilijua kabisa jinsi ndoo ya mgeni inavyopatikana. Utosi wangu uliijua. Lakini siku ile nilikuwa na saa ya mkononi na fomu ya ofisi, na nilipenda kuwa mgeni.

Lori la kunirudisha lilikuwa linaondoka kijiji cha jirani kabla ya jioni. Nikienda kwenye chanzo, lingeniacha. Nikakaa kwenye kigoda, nikafungua fomu, na kwenye safu ya dakika nikaandika kumi. Niliiona namba ya kiasi. Kwenye ndoo kwa siku nikaandika kwa kukisia, nikikumbuka zile mbili zilizokuwa kwenye ua.

Ofisini nilizungusha mpini. Kanuni haikukosea hata kidogo. Iligawanya nilichoipa na kengele haikulia. Kijiji kikawa buluu. Nilikipaka kwa uangalifu, nikasugua na pamba. Mzee Maulidi akaja kusimama nyuma yangu, akaweka kidole karibu na doa lile, bila kuligusa.

"Binti Yohana, una hakika na hapa?" aliuliza. "Babu alikuwa akipita hapa mbiombio."

"Nimefika mwenyewe, Mzee," nikamjibu. "Nimeoga."

Akasema basi kama umefika. Aliamini kwa sababu yeye mwenyewe asingesema amefika kama hakufika kwenye maji.

Ramani ile ilikuwa nzuri. Nasema hivyo nikiona haya, lakini ilikuwa nzuri. Mkuu wetu aliisifia mbele ya wageni, na Mzee Maulidi akaniruhusu kitu ambacho hakuwahi kumruhusu mwanafunzi wake yeyote: kuandika kwenye kona ya chini, kwa wino, Imechorwa na Salome Yohana. Nilipita pale ukutani mara nyingi kuliko kazi ilivyodai.

Familia za vitongoji viwili zikahamishiwa kwenye kijiji cha buluu. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaanza, ikaja taarifa ya zahanati kwamba watoto wanaugua matumbo na shule haina wasichana. Mkuu akatuma watu wakaangalie, nami nikaomba niende. Nilisema nalijua eneo.

Safari hii Mama Kabula hakuniuliza kitu. Alfajiri alichukua ndoo, nami nikamfuata na wenzake. Tulitembea mpaka jua likapanda, tukapita vichaka vya miiba, tukashuka kwenye korongo kavu. Katikati ya mchanga palikuwa na shimo refu kuliko mtu. Mwanamke mmoja alikuwa ndani akichota kwa kibuyu, tope kwanza, kisha maji, na wengine wamekaa foleni juu, wale wa zamani upande mmoja na waliohamishwa upande mwingine, hawaongei. Niliangalia saa yangu mara ya kwanza tulipofika, nikaona aibu, nikaivua na kuitia mfukoni. Tuliporudi kijijini ilikuwa alasiri.

Walioumwa matumbo walikuwa watoto wa waliohamishwa, waliokuwa wakinywa kwenye dimbwi la ng'ombe kwa kukosa nafasi kwenye foleni. Wengine hawakupona. Sikuuliza wangapi. Mimi, mtu wa takwimu, niliyelipwa kuuliza wangapi, sikuuliza.

Mama Kabula akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Nikamwambia sina kiu. Midomo yangu ilikuwa imepasuka na yeye aliiona.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Siku ile tulikupa yote ili usituone maskini. Leo kunywa, kisha andika."

Nikanywa, nikaandika. Hilo nililifanya: fomu mpya, dakika za kweli, ndoo za kweli. Nilirudi Tabora nikiwa nimeamua pia kusema. Njia nzima ndani ya lori nilipanga maneno, nani nimwambie kwanza, nianzeje.

Nilifika Ijumaa mchana. Ofisini nikaambiwa Jumatatu atakuja mkubwa kutoka juu kuuliza ni nani aliyechora ramani ile. Wengi walikuwa msikitini, Mzee Maulidi pia. Chumba kilikuwa kitupu na ramani iko ukutani. Maneno yote niliyoyapanga yaliniishia. Nikafungua droo yake, nikatoa wembe wake, nikaulaza ubapa kama alivyonifundisha, nikakwangua jina langu. Sikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nikapuliza vumbi la karatasi, nikarudisha wembe mahali pake na kwenda kununua maandazi, kana kwamba nilikuwa na njaa.

Jumatatu mkubwa alisoma kona ya ramani, akaona hakuna jina. Akauliza. Mkuu wetu, aliyejua vizuri jina lililokuwepo pale, akatazama dirishani. Mzee Maulidi akasogea, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kona ile, pole pole, kwenda na kurudi. Kisha akageuka.

"Ramani zote za chumba hiki ni zangu," akasema.

Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Niliangalia meza. Naikumbuka meza hiyo mpaka leo, ilikuwa na duara la kikombe na alama ya wino iliyofanana na mbegu ya boga. Niliiangalia mpaka watu wakatoka nje.

Mzee Maulidi alipumzishwa kabla ya wakati wake. Fomu yangu mpya ilipita kimyakimya, na mashine ya kuchimba kisima ikafika kijijini, lakini baada ya viangazi viwili. Wengi wa waliohamishwa walikuwa wamekwisha kurudi walikotoka, kwa miguu, wakiyaacha makaburi nyuma.

Ilinichukua muda kwenda Isevya. Nilimkuta barazani kwake akiandika kibao cha duka la vitambaa, herufi zake zilezile zilizonyooka. Nikaamkia, akaitikia kama kawaida, akamwomba mkewe alete kahawa. Nikaanza kusema, nikakwama katikati. Hakunisaidia na hakunikatiza. Nilipoishiwa kabisa, aliendelea kupaka herufi yake mpaka akaimaliza.

"Hukung'arisha kwa ukucha," akasema.

Nikamwambia hapana, Mzee, sikung'arisha.

"Ndiyo maana niliisikia."

Basi, ni hayo tu. Hakulirudia jambo lile mpaka alipofariki. Msibani nilikaa na kinamama, na mjane wake akanishukuru kwa kuja, akawaambia wenzake kwamba mimi ndiye mwanafunzi ambaye marehemu alimsifu. Hakuna aliyejua kwa nini nilitoka nje.

Kazi niliendelea nayo, na kwa miaka yote iliyofuata nilitembea. Mnajua. Mlinicheka kwamba Mama Salome akipelekwa kijijini anarudi na miiba kwenye sketi. Mashine ya mpini ikaondoka, zikaja za betri, kisha kompyuta, na nikiwa na miaka hamsini na kitu Neema akanikalisha mbele ya lahajedwali na kuniambia, kwa subira ya mwalimu wa chekechea, "Mama, anza na alama ya sawasawa." Niliandika kanuni ileile ya Mzee Maulidi, safu ya nne igawe kwa safu ya pili. Nikavuta chini. Kisha Neema akabonyeza na ramani ya mkoa ikajipaka rangi yenyewe, kufumba na kufumbua, bila pamba. Mlinipigia makofi. Mlidhani machozi yale ni ya furaha ya mzee kujifunza kitu kipya. Nilikuwa natafuta kijiji kimoja upande wa mashariki, nione kimepata rangi gani, na nani amefika.

Ndiyo maana niling'ang'ania ile safu ya mwisho kwenye kila lahajedwali mliloniletea nisaini, safu yenye kichwa Aliyefika majini, na chini yake jina la mtu, si la idara. Kanuni haiihitaji na ramani haiioni. Najua mnaificha ili ukurasa utoshe kwenye karatasi. Nilikuwa naifichua kila Ijumaa mkiwa mmetoka, na mlidhani kompyuta ina hitilafu. Sikuwahi kuwaambia sababu. Niliwaacha mfikiri ni ukaidi.

Halafu siku ya kuniaga mkanizawadia ramani. Mliikuta stoo nyuma ya makabati, mkaitia fremu na kioo, na mkasema kwenye hotuba kwamba huu ndio ufundi wa kale, mchoraji hajulikani. Mmoja wenu akauliza kwa nini kona ya chini imeparuzika. Nikajibu panya. Mkacheka, nami nikacheka. Miaka yote ile, na bado nilipoulizwa mbele za watu nilikuwa na uongo tayari mdomoni.

Nilipofika nyumbani niliigeuza ikatazama ukuta. Imekaa hivyo wiki tatu. Jana nimeitoa kwenye fremu. Doa la buluu sikuligusa, liacheni, ndivyo nilivyolipaka. Pembeni yake nimebandika karatasi yenye dakika za kweli na jina la Mama Kabula, na chini yake nimeandika kwamba watoto walikufa na kwamba idadi yao haijulikani kwa sababu aliyetumwa hakuuliza. Njooni muichukue muitundike ofisini, karibu na kompyuta.

Na kwenye kona ile, palepale, nimeandika tena jina langu. Wino umetawanyika, kama Mzee Maulidi alivyosema utatawanyika, na herufi za katikati zimevimba. Lakini linasomeka.